Tendaguru si mjusi mmoja: kuusoma mwamba uliohifadhi dinosaria wa Lindi

Kila mjadala wa "mjusi wa Tendaguru", yaani kiunzi cha dinosaria kilichochimbwa Lindi na ambacho kipo Berlin, Ujerumani, unapoibuka, iwe bungeni, redioni au kwenye makundi ya simu, maswali hurudi yaleyale. Mjusi wetu alifikaje Berlin? Ile ni mifupa kweli, au ni mawe yaliyochongwa? Kama alikufa miaka milioni 150 iliyopita, nani alihesabu? Wapo wanaoamini aliishi zama za mababu, na wapo wanaosema gesi ya Songo Songo ni mafuta yake yaliyoyeyukia ardhini.

Katika mazungumzo hayo yote kitu kimoja hakitajwi: mwamba aliotolewa. Watu huizungumzia mifupa kana kwamba ilikuwa imelala shambani ikisubiri wa kuibeba. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu wanyama wale, yaani waliishi lini, kando ya maji gani, pamoja na viumbe gani na walikufaje, haikutoka kwenye mfupa peke yake. Ilitoka kwenye mchanga, tope na makombe yaliyouzunguka. Kwa hiyo tuanze na mchanga.

Jiwe la mchanga ni tofali la asili

Fundi anayefyatua matofali ya saruji anaijua nusu ya elimu hii. Mchanga peke yake haushikani. Kinachoufanya uwe tofali ni kile kinachojaa katikati ya punje. Akibana saruji, tofali litamomonyoka kwa kidole hata likikauka mwezi mzima.

Jiwe la mchanga hujengwa hivyohivyo, ila polepole mno. Mto au mawimbi huleta punje na kuzitua. Juu yake hutua nyingine, na nyingine, mpaka uzito unazibana za chini. Kisha maji ya ardhini yanayopita katikati ya punje huacha humo madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake, na hayo ndiyo saruji yake. Mara nyingi ni moja kati ya aina tatu: kalsaiti, ambayo ni chokaa ileile inayojenga makombe na matumbawe, silika, ngumu kama kioo, au oksidi ya chuma, yaani kutu, inayolipa jiwe wekundu wake. Ukitaka kujua kama saruji ya jiwe lako ni chokaa, likwaruze kwa msumari upate unga kidogo, kisha udondoshee siki au maji ya ndimu. Vikitokea vipovu, ni chokaa. Jaribu hilo kwenye jiwe tu, kamwe si kwenye mfupa, kwa sababu asidi inaula.

Maneno matatu yatatusaidia mbele. *Mashapo* ni chochote kilichobebwa na maji au upepo kisha kikatua: changarawe, mchanga, tope, mfinyanzi. *Tabaka* ni mashapo yaliyotua katika hali moja, kama mkeka mmoja uliotandikwa juu ya mwingine. *Formesheni* ni fungu la matabaka yanayofuatana na kufanana kiasi cha kuweza kufuatiliwa kutoka bonde hadi bonde na kuchorwa kwenye ramani. Nalo hupewa jina la mahali. Formesheni ya Tendaguru imepewa jina la kilima kilichopo kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, jina ambalo kwa Kimwera linaelezwa kuwa na maana ya kilima chenye mwinuko mkali. Lakini formesheni si kilima. Mwamba huo umeenea chini ya ardhi kuvuka mabonde na mashamba mengi ya eneo hilo, na kilima ni sehemu yake ndogo tu.

Ukubwa wa punje nao una habari. Anayepepeta mpunga anajua kwamba pumzi dhaifu hupeperusha makapi na kuuacha mchele kwenye ungo. Maji hufanya kazi hiyohiyo. Yakienda kasi hubeba changarawe na mchanga mzito. Yakipungua kasi huangusha hivyo vizito kwanza. Tope laini na mfinyanzi hutua mwisho, mahali palipotulia kama dimbwi. Basi mwanajiolojia akikuta mchanga mnene wenye makombe yaliyovunjika anajua hapo palikuwa na mawimbi. Akikuta tope laini anajua maji yalikuwa yametulia. Hahitaji mfupa wowote kujua hilo.

Mfupa unavyogeuka kisukuku

Je, ni mfupa au ni jiwe? Vyote viwili, na hapa ndipo wengi hupotea.

Mfupa wa mnyama aliye hai, kwa uzito, ni kama theluthi mbili madini na theluthi moja protini. Protini ndiyo inayoufanya unyumbuke kidogo badala ya kukatika kama chaki. Mnyama akifa, protini huoza. Madini, yanayoitwa apataiti, hubaki, na kati yake hubaki vitundu vingi. Mfupa ukifunikwa mapema, kabla ya fisi wa zama zake, jua na mvua kuumaliza, maji ya ardhini huingia kwenye vitundu hivyo na kuacha kalsaiti au madini mengine, kama yanavyofanya katikati ya punje za mchanga. Apataiti yenyewe hubadilika kidogo kidogo kuwa ya aina imara zaidi. Matokeo ni kitu chenye umbo lilelile, hata mishipa midogo inaonekana kwa hadubini, lakini kizito na kinachokatika kama kigae.

Kwa hiyo mifupa ile haikuchongwa na mtu, wala si "mfupa uliokauka". Ni mfupa uliojazwa jiwe, na hicho ndicho kisukuku.

Sharti kubwa ni kufunikwa haraka. Ndiyo maana tembo anayefia juu ya kilima kikavu haachi kisukuku. Anayefia kando ya mto unaofurika, au anayenasa kwenye tope la pwani, ana nafasi. Baadhi ya miguu ya dinosaria wakubwa wa Tendaguru ilikutwa imesimama wima ndani ya mashapo. Mfugaji aliyewahi kupoteza ng'ombe kwenye lambo wakati wa kiangazi ataelewa picha hiyo mara moja: mnyama mzito anafuata maji, miguu inazama, hawezi kujinasua, mwili wa juu unaliwa na kutawanyika, miguu inabaki ilipo. Vichwa ni adimu kwa sababu mifupa yake ni myembamba na hushikamana na shingo kwa udhaifu; hivyo vichwa hung'oka na kusombwa mapema.

Jengo la ghorofa sita

Ukitaka kuielewa Formesheni ya Tendaguru, fikiria jengo la ghorofa sita, lenye kimo cha zaidi ya mita 100 kwa jumla. Ghorofa ya chini ndiyo iliyojengwa kwanza, hivyo ndiyo ya zamani zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya matabaka na haina muujiza: huwezi kutandika mkeka wa pili kabla ya wa kwanza.

Ghorofa ya kwanza, ya tatu na ya tano ni za dinosaria. Mashapo yake ni mchanga mwembamba uliochanganyika na tope na mfinyanzi, na mengi yake ni laini. Ghorofa ya pili, ya nne na ya sita ni za bahari: mchanga mnene zaidi, changarawe, chokaa, na makombe kwa wingi. Wanajiolojia wamezipa hizo majina ya viumbe vilivyojaa humo. Ya pili ina jina la Nerinella, konokono wa baharini mrefu kama skrubu. Ya nne na ya sita zina majina ya aina mbili za kombe nene lenye mistari, Indotrigonia na Rutitrigonia.

Bahari iliingia na kutoka kwa nini? Wakati huo Afrika ilikuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini upande wa magharibi. Upande wa mashariki, bara lililobeba Madagaska, India na Antaktika lilikuwa limeanza kujitenga, na bahari changa ikajaa katika ufa. Lindi ya leo ilikuwa ukingo wa bahari hiyo. Kina cha bahari kikipanda, mawimbi yalisogea bara na kuacha mchanga na makombe. Kikishuka, pwani ilirudi nje, na mahali palepale pakawa na wangwa, madimbwi na vijito, huku mafungu ya mchanga yakiyazuia mawimbi makubwa upande wa bahari.

Mkazi wa pwani hahitaji kuchorewa. Tembea maji yanapokupwa wakati wa bamvua: kwanza mchanga mgumu wenye vikunjo vidogo vilivyoachwa na mawimbi, kisha tope linalomeza mguu, kisha uwanda mtupu wenye chumvi. Vikunjo vya namna hiyohiyo vimegandia ndani ya mawe ya mchanga ya kale, na ukilikata jiwe utaona mistari myembamba iliyolala kwa mshazari ikielekea upande mmoja, halafu juu yake iliyoelekea upande wa pili. Hayo ni maji yaliyojaa na kupwa. Tofauti kubwa na leo ni kwamba hapakuwa na mikoko. Nchi kavu ilikuwa na misonobari ya kale na mimea jamii ya kangaga, na hali ya hewa ilikuwa ya joto lenye msimu mrefu wa ukame.

Ghorofa ya tatu ni miongoni mwa zilizo tajiri zaidi. Humo alitoka Giraffatitan, yule mrefu anayeitwa mjusi. Humo pia alitoka Kentrosaurus, mla majani wa mita kama nne na nusu mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu kuelekea mkiani, pamoja na lundo kubwa la mifupa ya Dysalotosaurus, mnyama mwepesi aliyekimbia kwa miguu miwili. Pamoja nao walikuwamo viumbe wasiotajwa kabisa kwenye mijadala yetu: mamba wadogo, samaki, wanyama warukao wa jamii ya terosaria, na mamalia wadogo kama panya ambao meno yao ni madogo kuliko punje ya mchele. Meno hayo hayaonekani kwa macho ya mchimbaji. Hupatikana kwa kuloweka magunia ya mashapo, kuyachekecha kwenye chekeche nyembamba na kupekua kilichobaki chini ya hadubini, punje kwa punje.

Sasa tazama kwa nini ghorofa ina uzito kuliko mfupa. Dinosaria mmoja mwenye shingo fupi kuliko wenzake, Dicraeosaurus, ana spishi mbili Tendaguru. Dicraeosaurus hansemanni hutoka ghorofa ya tatu, Dicraeosaurus sattleri hutoka ya tano. Kati yao ipo bahari nzima iliyokuja ikaondoka. Ukichanganya mifupa yao sandukuni bila kuandika ilikotoka, umepoteza ushahidi wa mnyama kubadilika kadiri zama zilivyopita, na hakuna maabara duniani itakayokurudishia.

Miaka milioni 150 huhesabiwaje

Wengi wamesikia habari za kaboni 14, njia ya kupima umri wa mabaki ya viumbe, na hudhani ndiyo iliyotumika. Haiwezekani. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Baada ya kupungua mara kumi, yaani kama miaka 57,000, inabaki chini ya sehemu moja katika elfu. Kutaka kupima dinosaria kwa kaboni 14 ni kama kutafuta harufu ya pilau la harusi iliyofanyika karne iliyopita.

Kwa mawe ya kale hutumika saa zinazokwenda polepole. Maarufu zaidi ni urani, madini yenye mionzi, inayogeuka kuwa madini ya risasi ndani ya chembe za madini magumu yaitwayo zirkoni. Urani 238 huchukua takriban miaka bilioni 4.47 kupungua nusu. Zirkoni huzaliwa ndani ya uji wa volkano, kwa hiyo tabaka la majivu ya volkano hupimika vizuri sana. Jiwe la mchanga lina mtego wake. Zirkoni iliyomo ndani yake imemomonyoka kutoka mlima wa zamani zaidi, na umri utakaoupata ni wa punje, si wa jiwe. Tofali lililofyatuliwa jana lina mchanga wenye umri wa mamilioni ya miaka. Kinachoweza kusemwa ni kwamba tofali haliwezi kuwa la zamani kuliko mchanga wake.

Ndipo ghorofa za bahari zinapokuwa na faida. Fikiria unachimba jalala la zamani. Ukikuta sarafu yenye mwaka, umejua takataka zilizoizunguka ni za lini. Baharini sarafu hizo ni amonaiti, viumbe wenye gamba la mviringo lililojikunja kama kamba, jamaa wa mbali wa pweza, pamoja na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Spishi zao zilienea mbali na kutoweka upesi, kila kipindi na zake, na umri wake umeshapimwa mahali penye majivu ya volkano. Dinosaria wa ghorofa ya tatu na ya tano wako katikati ya bahari zenye sarafu. Ndiyo maana tunasema kwa uhakika kwamba wao ni wa mwishoni mwa kipindi cha Jurasi, karibu miaka milioni 150 iliyopita, na kwamba ghorofa ya sita imeingia kipindi kilichofuata, Kretasia.

Idadi hizo ni kubwa mno kwa akili ya kawaida, basi zigeuze umbali. Mwaka mmoja uwe milimita moja. Muungano wa 1964 uko umbali wa sentimita sita. Vita vya Majimaji viko umbali wa sentimita 12. Zinjanthropus wa Olduvai, aliyegunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, yuko kilomita moja na robo tatu. Dinosaria wa Tendaguru yuko kilomita 150: ukitoka Dar es Salaam umeshaipita Chalinze, ila Morogoro hujafika. Olduvai na Tendaguru huchanganywa sana, pengine kwa sababu watu walewale walipita kote kuwili. Mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck alifanya kazi katika maeneo hayo mawili kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kijana Louis Leakey alikuwa Tendaguru mwaka 1924. Lakini hakuna babu yeyote aliyemwona dinosaria huyo.

Na gesi? Neno "kisukuku" ndilo linalopotosha, kwa sababu tunasema pia "mafuta ya kisukuku". Mafuta na gesi hutokana zaidi na viumbe vidogo sana vya majini na mabaki ya mimea vilivyozikwa kwa wingi mno kisha vikapikwa na joto la ardhini. Dinosaria walikuwa wachache mno kulinganisha na hayo. Uhusiano uliopo ni wa jiwe: gesi ya Songo Songo inakaa katika vitundu vya jiwe la mchanga la kipindi cha Kretasia, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo.

Kwa nini si mjusi, na kwa nini si mmoja

Jina "dinosaria" lilibuniwa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Kosa lilianzia hapo, likatafsiriwa, likatufikia. Mjusi, kenge na mamba hutanua miguu pembeni na tumbo likawa karibu na ardhi. Dinosaria alisimama juu ya miguu iliyonyooka chini ya mwili kama nguzo, na jamaa zake wa karibu walio hai ni ndege, kisha mamba. Kuku aliye uani kwako yuko karibu zaidi na Giraffatitan kuliko mjusi aliye ukutani.

Kiunzi cha Giraffatitan kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 na kurekebishwa upya mwaka 2007 kina kimo cha mita 13.27. Msingi wake ni mifupa ya mnyama mmoja mkubwa, ikajaziwa na ya wanyama wengine wa jamii yake, na pasipopatikana kitu pakawekwa nakala. Kichwa kilicho juu ni nakala. Pingili za shingo na mgongo nazo ni nakala, kwa sababu za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Hata jina limebadilika. Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku wa Kijerumani, alimwita Brachiosaurus, akimfananisha na mnyama aliyepatikana Marekani. Ulinganisho wa mfupa kwa mfupa uliochapishwa mwaka 2009 ulithibitisha kwamba wa Lindi ana tofauti za kutosha kuwa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi linalojitegemea, Giraffatitan. Hilo si dogo: mnyama huyo ni wa Tanzania, si tawi la wa Marekani.

Wala Tendaguru si mahali pekee. Kusini magharibi mwa nchi, katika bonde la Rukwa na Songwe, ipo Formesheni ya Galula, mawe mekundu ya mchanga yaliyotuliwa na mito, machanga kuliko ya Tendaguru. Humo alitoka dinosaria aliyetangazwa mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kitupu, Mnyamawamtuka moyowamkia: mnyama wa mto Mtuka, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo.

Kilichobebwa

Wenyeji waliijua mifupa hiyo kabla ya mgeni yeyote. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliiona, mwaka uliofuata mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas akaja kutoka Stuttgart, Ujerumani, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa chini ya Janensch, Edwin Hennig na baadaye Reck. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Majimaji na njaa yake. Mamia ya watu walichimba, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kichwani na begani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi.

Kazi ya kitaalamu haikufanywa na Wajerumani peke yao. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi na fundi wa kutayarisha mifupa. Mwaka 2007 jina lake liliingia katika sayansi kwa dinosaria Australodocus bohetii. Mwaka 2019 likaja Wamweracaudia keranjei, linalowaenzi Wamwera na Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo. Tuyaseme majina haya mara nyingi, maana Dysalotosaurus naye amebeba hadi leo jina la jenerali wa kikoloni, Lettow-Vorbeck, na kanuni za kutaja spishi haziruhusu kulifuta kirahisi.

Mifupa ilifungwa kwa plasta, na mingine kwa mabua ya mianzi yaliyozungushwa kama bendeji ya mvunjiko. Baadhi ya vifurushi hivyo vya mianzi vimekaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa. Kila shimo lilipewa herufi, na herufi hiyo ndiyo inayomwambia mtafiti wa leo ni ghorofa ipi. Sehemu ya mifupa iliharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa sababu hiyo, yeyote anayejadili kurudishwa kwa mifupa, awe upande gani, anapaswa kuulizia pia daftari za uchimbaji, michoro ya mashimo na lebo. Mfupa uliorudi bila hivyo umerudi nusu.

Ukikuta mfupa

Mgeni anayefika Tendaguru hushangaa kwamba hakuna cha kuona: miti, nyasi ndefu, udongo mnene, na mashimo ya zamani yaliyofukiwa. Mwamba hujitokeza kwenye makorongo na kingo za mito, hasa baada ya masika. Huko ndiko mkulima, mchunga mbuzi au mchimba kisima anapoweza kuwa wa kwanza kuona kitu.

Kwanza thibitisha. Tazama mahali palipovunjika: mfupa una ukuta wa nje ulioshikana na ndani una vitundu kama sifongo, jiwe la kawaida ni sawa kote. Wenye uzoefu hugusa kwa ncha ya ulimi, kwa sababu vitundu hunyonya unyevu na mfupa hung'ang'ania, ingawa mfinyanzi mkavu nao hung'ang'ania, hivyo usiishie hapo. Mawe ya mviringo yanayoitwa mayai ya dinosaria karibu kila mara si mayai. Ni saruji ya asili iliyokusanyika kuzunguka kombe au kipande cha mti ndani ya mchanga. Na michoro ya mawe inayofanana na majani ya kangaga, myeusi na bapa, mara nyingi ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa.

Ukiridhika kwamba ni mfupa, usiuvute. Unaonekana mzima, kumbe umepasuka vipande mamia vinavyoshikiliwa na jiwe tu. Wataalamu huondoa udongo wa juu kwa sururu na chepe, lakini sentimita 30 za mwisho ni za bisibisi, sindano na brashi. Kila ufa hunyweshwa gundi nyepesi inayoweza kuyeyushwa tena baadaye. Gundi kali za dukani zinazokauka papo hapo haziondoki vizuri na huziba uso wa mfupa. Kisha huchimba mfereji kuuzunguka mpaka mfupa ubaki juu ya kikalio cha mwamba kama uyoga. Hufunika kwa karatasi laini iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa katika uji wa jasi, tabaka tatu au nne, na vijiti vya kuimarisha. Jasi huwekwa kwenye maji, si maji kwenye jasi, mpaka kisiwa kidogo kitokeze juu. Hapo una kama robo saa kabla haijaganda. Anayesahau karatasi atakuta jasi imeushika mfupa, na siku ya kuifungua itang'oka na uso wake. Anayegeuza furushi kabla ya kukata vizuri chini ya kikalio atamwaga kila kitu.

Hiyo ni kazi ya timu yenye kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua au kusafirisha vitu hivi bila leseni, na mfupa ulionunuliwa na dalali umeshapoteza anwani yake. Kazi yako wewe ni ndogo na ni muhimu kuliko yao wote: toa taarifa ofisi ya kijiji ili ifikishwe Idara ya Mambo ya Kale, hifadhi eneo kwenye ramani ya simu, rudishia udongo kidogo ili jua na kwato visiufikie. Kabla hujafukia, piga picha ya karibu ukiweka kalamu au sarafu kando kuonyesha ukubwa. Kisha rudi nyuma hatua kumi, upige nyingine inayoonyesha ukingo wote: tabaka lililo juu ya mfupa, na tabaka lililo chini yake.